Miaka Iliyoongezwa

Somo: Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 20, 1–11



Mwezi huu nataka tuingie pamoja katika chumba cha mfalme Hezekia alipokuwa mgonjwa. Hakuwa mzee. Alianza kutawala akiwa na miaka 25, na sasa ulikuwa mwaka wa 14 wa ufalme wake. Basi hesabuni wenyewe. Alipatwa na jipu, akalala, na nabii Isaya akaja kumwambia aagane na watu wake na kuyaamua mambo ya mali yake, kwa kuwa hataondoka tena kitandani pale. Isaya akamaliza, akatoka. Mfalme akaugeukia ukuta, akalia.

Juu ya machozi hayo mmekwisha kusikia mahubiri mengi. Mimi leo namtazama Isaya. Alikuwa bado yumo uani, hajafika langoni, neno la Bwana likamjia kwamba arudi. Arudi kwa mtu yule yule, akamwambie maneno mengine. Nadhani halikuwa jambo jepesi. Mtu aliyekwisha kutangaza mauti mbele ya watumishi wa mfalme, sasa aingie tena kwa mlango ule ule, watumishi wakimkodolea macho, aseme kwamba mgonjwa atapona, tena ameongezewa miaka 15. Angeweza kujiambia moyoni, Nimekwisha kunena, haifai nabii kubadili usemi wake. Hakujiambia hivyo. Akarudi.

Neno hili la kurudi ndilo ninaloliweka mbele yenu, kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na ambao sasa, kwa neema ya Mungu, wanazeeka.

Palikuwa na wakati tuliposema kweli. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata tuliona wenyewe. Makanya ni kijiji cha njiani. Reli itokayo Tanga kwenda Moshi inapita hapa, na barabara kuu ya kwenda Arusha kadhalika. Liko shamba la mkonge, yako machimbo ya jasi, watu waja na watu waondoka. Maradhi hayakuwa na haja ya kuuliza njia. Tukazika. Siku zile mwalimu aliyesimama mbele ya watu akisema kwamba ugonjwa huu hauna dawa, nao mwisho wake ni kaburi, hakusema uongo. Wengine tulisema kwa huzuni. Wengine, Mungu atusamehe, tulisema kwa ukali, kana kwamba sisi ndio tuliopewa kiti cha hukumu, tukawahesabu wagonjwa kuwa wazinzi hata wake waliokaa nyumbani kwao na watoto waliozaliwa nao.

Kisha neno likaja tungali uani. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Tangu mwaka 2016 kila aonekanaye kuwa na virusi huanzishiwa dawa mara moja, bila kungoja mwili udhoofike. Dawa zenyewe zimebadilika: zile za kwanza zilinywewa asubuhi na jioni, na mojawapo iliyoitwa stavudini iliwaunguza watu nyayo na kuwakausha mashavu, hata jirani akajua habari zako kwa kukutazama uso tu, mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe. Sasa wengi hunywa kidonge kimoja kwa siku. Aliyeanza mapema, naye akanywa kwa uaminifu, aweza kuishi karibu sawa na mtu asiye na virusi. Uchunguzi wa taifa wa miaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu 1,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kadiri ya 44 wanaishi na virusi. Jumla yao ni zaidi ya milioni 1 na nusu. Hao si watu waliolala kitandani. Wanalima, wanafundisha, wanaimba katika kwaya, na wengine wao wamekuwa mababu na mabibi.

Je, sisi tumerudi kwa mlango ule ule kuwaambia maneno mapya? Naona wengi wetu tulitoka langoni, tukaenda zetu.

Nitawaeleza habari ya mama mmoja. Amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba nisilitaje jina lake wala kitongoji chake. Mume wake alikufa, naye akapimwa mwaka 2005, akiwa na miaka 36. Wakati ule aliambiwa atengeneze mambo yake, si kwa maneno hayo lakini kwa macho ya watu. Akatengeneza. Shamba lake la bondeni akamwachia shemeji, kwa ahadi kwamba watoto watasomeshwa. Mbuzi akawagawa. Nyumba aliyokuwa ameianza kwa matofali akaiacha kwenye msingi. Alinunua sanda yake mwenyewe, ili asiwasumbue watu, akaiweka sandukuni. Kisha akaanza dawa, akangoja kufa. Na kufa hakukuja.

Nilipomtembelea mwaka jana tulikaa chini ya mkwaju wake, akaniambia, "Mwalimu, kufa nilijiandaa. Kuzeeka sikujiandaa."

Nikamwuliza, "Mama, wakumbuka siku gani mtu wa kanisa alikuja hapa kukuambia kwamba utaishi?"

Akafikiri kwa muda. Akasema, "Walikuja kuniombea nife vizuri. Wakaomba vema sana. Tangu hapo hawakurudi na ombi jingine."

Neno hilo lilinichoma, maana mimi nami nilikuwa mmoja wa walioomba.

Yako mengine katika somo letu ambayo huwa tunayapita haraka. Isaya aliporudi na habari njema hakuagiza maombi peke yake. Aliagiza tini zipondwe, zikawekwa juu ya jipu, na mfalme akapona. Yule yule aliyesikia sauti ya Mungu ndiye aliyesema, Leteni dawa. Hakuona vita kati ya mambo hayo mawili. Tena hakuwaambia watu wa nyumbani, Wekeni tini siku moja ili tuone kama mfalme ana imani, kisha mziondoe.

Nasema hivi kwa sababu mama yule alinieleza kwamba miaka kadhaa iliyopita mhubiri mmoja aliyekuwa akipita alimwekea mikono, akamtangaza kuwa mzima, akamwambia kwamba kuendelea na vidonge ni kumtukana Mungu. Akaacha. Alijiona mwenye afya miezi ya kwanza, akatoa shukrani. Kisha kikohozi, kisha homa za usiku, na mwisho alibebwa. Yatupasa kulijua jambo hili sawasawa, sisi tunaofundisha: dawa hizi haziviui virusi vyote. Huvifunga, navyo hujificha ndani ya mwili kama moto chini ya jivu. Kipimo cha damu kisipoviona, maana yake ni kwamba vimefungwa. Si kwamba vimekwisha. Mtu akiacha dawa huamka tena, mara nyingi katika majuma machache, na vyaweza kuamka vikiwa vimejifunza kuishinda dawa ile ya kwanza. Wakati huo mhubiri amekwisha kwenda mji mwingine.

Hata kwetu Walutheri jambo hili si la kuwanyoshea wengine kidole. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi huko Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, akisema ameonyeshwa na Mungu. Twakumbuka sote. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, wakubwa kwa wadogo, wagonjwa wakabebwa kutoka hospitalini, na wapo waliofariki njiani kabla ya kufika. Miongoni mwa waliokunywa, wengine waliokuwa na virusi waliacha dawa zao. Ushahidi kwamba kikombe kile kiliondoa virusi haukupatikana. Mzee yule alifariki mwaka 2021, nami simhukumu. Kiu iliyowapeleka watu kule ilikuwa kiu ya kweli. Lakini kanisa letu lina hospitali yake kule Gonja. Haiwezekani kwa mkono mmoja tujenge hospitali na kwa mkono wa pili tuwaondoe wagonjwa kwenye dawa.

Tena nalikumbuka jambo la kikombe kingine. Katika usharika mmoja wa nchi hii ya tambarare, nisioutaja, ilikuwa desturi ya kimya kwamba watu fulani wafike Mezani pa Bwana mwisho kabisa. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo, na hakuna mzee aliyeitangaza. Ila kila mtu aliijua, na wale watu fulani waliijua kuliko wote. Sasa fikirini. Kule Samunge tulikunywa kikombe kwa foleni bila kuuliza nani ametangulia. Kanisani tukaogopa midomo ya ndugu. Virusi hivi haviambukizwi kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kukaa benchi moja. Na jingine ni jipya kwa wengi, kwa hiyo nalisema wazi, na walimu walifundishe kwa wachumba na kwa wenye ndoa: mtu anayekunywa dawa zake kila siku, na vipimo vikaonyesha kwamba virusi havionekani katika damu yake, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Hii imehakikishwa na uchunguzi mkubwa katika nchi nyingi. Na mama mwenye virusi akitumia dawa ipasavyo, hatari ya mtoto kuambukizwa hupungua mno.

Turudi kwa mama yetu na uzee wake. Aliniambia kwamba sasa kinachomsumbua si virusi; vipimo vyake ni vizuri miaka mingi. Kinachomsumbua ni shinikizo la damu, na magoti, na kusahau mambo. Alidhani ni adhabu ya kuishi kupita zamu yake. Nikamwambia habari ya ndiva.

Wasomaji wa milimani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya walio mbali nitasema kwamba ndiva ni bwawa dogo la mtelemkoni, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Maji ya mfereji huijaza usiku, asubuhi hufunguliwa, watu wakanyweshea kwa zamu. Ndiva mpya haisumbui sana. Ndiva ya zamani kingo zake zaweza kuwa imara kabisa, lakini tope limejaa chini taratibu, mwaka kwa mwaka, na bwawa lile lile lapokea maji machache. Je, mtu husema ndiva imelaaniwa? Hupigwa baragumu la msaragambo, watu wakaenda na majembe.

Ndivyo ulivyo mwili uliokaa na virusi miaka 20. Dawa ni ukingo, nao umeshika. Lakini mwili huo umekuwa macho siku zote kama mlinzi asiyelala, na kukesha huko huuchosha: moyo, mishipa ya damu, figo na mifupa yaweza kuchakaa mapema kuliko kwa wengine wa umri ule ule, na dawa za zamani ziliacha alama zao. Kwa hiyo mzee anayehudhuria kliniki yake ya dawa asiridhike kuchukua vidonge tu. Aombe apimwe shinikizo la damu na sukari. Akikohoa, aseme. Mama naye achunguzwe saratani ya shingo ya kizazi, maana wanawake wenye virusi huwa katika hatari yake kadiri ya mara 6 kuliko wenzao. Na akipewa dawa nyingine, au akitumia mitishamba, amwambie tabibu, kwa sababu dawa nyingine hazipatani. Wazee wetu huona haya kusema mambo haya mbele ya mganga aliye na umri wa wajukuu wao. Mpelekeni mtu wa kuwasindikiza.

Na baragumu la msaragambo apige nani, kama si usharika?

Lakini isidhaniwe kwamba nawaita hawa ndugu mzigo wa kubebwa. Hezekia mwenyewe miaka yake aliyoongezwa hakuitumia vizuri yote. Walipokuja wajumbe kutoka Babeli aliwaonyesha fedha na dhahabu na manukato na kila kilichokuwa ghalani, kama mtu ajivunaye. Na nabii alipomwonya juu ya siku zijazo, aliridhika kwamba siku zake yeye zitakuwa za amani. Manase mwanawe, aliyezaliwa katika miaka ile, alikuja kuwa mfalme mbaya. Miaka iliyoongezwa ni miaka kamili, ina kazi yake na majaribu yake kama miaka mingine. Mwenye kuongezewa atadaiwa kama sisi. Kumwonea huruma tu bila kumdai kitu ni namna nyingine ya kumzika.

Kule Uganda yuko kasisi wa Kianglikana, Kanoni Gideon Byamugisha. Mke wake alifariki mwaka 1991, naye baadaye akajua kwamba ana virusi. Mwaka 1992 akalisema jambo hilo hadharani, hali hakuna mtumishi mwingine wa dini katika Afrika aliyekuwa amethubutu. Wakati ule dawa hizi za sasa hazikuwapo. Alioa tena mjane aliye na hali kama yake, wakapata watoto wasio na virusi. Tena alishiriki kuanzisha umoja wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na virusi au walioguswa navyo. Hesabuni tangu 1992: ni zaidi ya miaka 30 ya kuhubiri, kufundisha na kulea. Kama kanisa lake lingemweka pembeni angoje siku yake, lingengoja sana.

Neno moja la hofu, maana naliulizwa na watu watatu katika mwezi mmoja. Sisi wa Makanya twalima kwa maji yasiyonyesha kwetu. Mvua hunyesha milimani, mto hufurika, nasi chini huku twayaelekeza maji ya gharika katika mashamba ya mahindi. Dawa hizi pia zimekuwa hivyo: sehemu kubwa ya gharama ililipwa na mataifa ya mbali, hasa Marekani kwa mpango wake ulioanza mwaka 2003. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na baadhi ya watumishi waliolipwa kwa fedha hizo wakakosa kazi. Watu wakaogopa. Wengine wakaanza kukata kidonge vipande viwili ili kidumu. Ndugu, msifanye hivyo kamwe. Nusu ya dawa huvifundisha virusi kuishinda dawa nzima. Wala msigawane na jirani. Nendeni klinikini mkaulize, na kama nauli imekosekana, mwambieni mwalimu au mzee mmoja mnayemwamini. Nami nawaambia walimu na wazee: siri mtakayoambiwa ikae kwenu kama ilivyo kwenye maungamo. Mtu akisikia habari zake kisimani hatakuja kwetu mara ya pili.

Mama yule na mimi tulizungumza mara nyingi tangu siku ile ya mkwaju. Alipata ujasiri wa kumwendea shemeji yake, na wazee wawili wakamsindikiza. Nusu ya shamba imerudi, nusu bado inazungumzwa, wala sijui itakwishaje, maana shemeji naye ana watoto wake. Msingi wa nyumba amepanda juu yake matofali kozi tatu. Sanda aliitoa sandukuni ili anionyeshe, tukakuta panya wameitoboa. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

Akina mama wa usharika walikuwa wakikutana Jumatano, nayo ndiyo siku ya kliniki yake. Kwa miaka mingi walimwandika katika daftari kuwa mtoro. Mwezi uliopita kiongozi wao aliwaambia kwamba mkutano utahamia Alhamisi. Hakuna aliyeuliza sababu. Mama akafika mapema na jembe lake, kwa kuwa siku hiyo walikuwa wakipanda migunga nyuma ya kanisa, akachimba mashimo matano.